Merikebu Haimo Sehemu ya Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ilianza vizuri, ikaharibika saa ya chai. Nilikuwa kwenye pasi ya mvuke, hapa kwenye duka la dobi, suruali za hoteli zimenijazia meza. Mteja aliyeleta koti akaiona fulana yangu yenye picha ya gemu ya Taji la Kutu. Akauliza kama nangoja toleo jipya, linalotoka Ijumaa. Nikasema nangoja tangu utotoni. Akasema inauma, kuigawa gemu vipande vipande namna ile. Sehemu ya kwanza inaishia langoni mwa mji. Merikebu ya angani haimo.

Nimeunguza mguu mmoja wa suruali.

Miaka miwili nimejinyima habari zote za gemu hii ili nisiharibiwe utamu. Nimeponzwa na utamu.

Niandike vizuri, nitulie. Utotoni mimi na mdogo wangu, Kidoti, tulilicheza toleo la zamani mpaka vidole gumba vikaota sugu. Unaongoza kundi la wasafiri, unapigana, unakusanya dawa, hadithi inasonga. Lakini diski yetu ilikuwa na mkwaruzo. Kila merikebu ilipoanza kunyanyuka, picha iliganda. Kila mara. Hatujawahi kuiona ikiruka. Tukaapa kwamba hatutaitazama popote, kwa mtu yeyote, mpaka tuitazame pamoja. Leo Kidoti ni mkunga, ana mume, na kiapo kiko palepale.

Na mimi nimemwahidi merikebu wikendi hii. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Amebadilishana zamu na nusu ya wodi ili aje. Nikimwambia ukweli, haji. Mara ya mwisho kulala hapa kwangu alikuwa bado hajaolewa.

Simwambii.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango umepatikana. Tusipofika langoni, Kidoti hatajua kwamba merikebu haimo. Basi tusifike. Nitapotea njia. Nitaongea na kila mkazi wa mji. Nitamtafutia bibi muuza taa paka wake wote. Jumapili jioni yeye na mume wake watapanda basi lao, nami nitasema ole wetu, tulibakiza kidogo tu. Akili ninazo, ila watu hawazioni.

Hatari ni shemeji. Huyo hajaapa chochote na anasoma kila kitu mtandaoni. Nimempigia kumwomba afunge mdomo. Akauliza kama mimi na mke wake tumewahi kuzungumza kama watu wazima. Swali gani hilo. Mwishowe akakubali kunyamaza, ila asije akalaumiwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Gemu imetoka, nimeinunua. Juu ya boksi wameandika SEHEMU YA KWANZA kwa herufi kubwa kama za duka la matairi. Nikajaribu kuzikwangua kwa kisu, zikabaki. Nikachukua mojawapo ya lebo zetu za kazini, zile tunazobandika kwenye nguo zilizotushinda, nikaibandika juu ya maandishi. Imekaa sawasawa. Sasa boksi linasomeka: TAJI LA KUTU, DOA LIMEGOMA KUTOKA.

Usingizi sina.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamefika asubuhi. Kidoti amekuja na mto wake, akaketi kushoto kwangu, mahali pake pa siku zote. Akaliona boksi. Akasoma lebo kwa sauti, akauliza ni doa gani. Nikasema mafuta ya kupikia. Akaitikia kwa kichwa na kutazama pembeni.

Muziki wa mji ulipoanza, uleule, ila sasa unapigwa na vyombo halisi, akanishika mkono na kuubana. Nikajisikia vibaya sana. Karibu niseme. Nikapotea njia badala yake.

Ajabu ni kwamba hakulalamika. Huyu ni mtu asiyeweza kusubiri chai ipoe, lakini leo amevua samaki kwenye mfereji wa mji mpaka chakula cha mchana. Akaongea na kila mkazi. Wengine aliwarudia. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba ndoa imemfundisha subira.

Shemeji alikaa nyuma yetu. Ni mwalimu wa udereva. Kila tulipokata kona isiyotakiwa, nilisikia mguu wake ukikanyaga zulia kutafuta breki.

Kidoti alitaka kutumia dawa nyekundu tulipozidiwa. Nikakataa. Nikamwambia hizo tunaziweka kwa ajili ya merikebuni, maana nani anajua huko juu kuna nini. Akaziacha, akarudi kwa samaki wake.

Jumapili, 9 Novemba

Paka wamekwisha. Wakazi wamekwisha. Mfereji hauna samaki. Imebaki lango na jitu linalolilinda.

Tukashindwa. Tukashindwa tena. Mimi nilikuwa nagoma kutumia dawa, na Kidoti alikuwa akipigana kama mtu aliyefumbwa macho. Saa ya basi ikakaribia. Nikaanza kupumua.

Ndipo shemeji akainuka. Akamnyang'anya mke wake pedi ya kuchezea, akafungua chupa tatu za dawa yangu nyekundu, tatu nzima, akaliangusha jitu na kulifungua lango. Wasafiri wakatoka nje ya mji. Skrini ikawa nyeusi. Yakaanza kupanda majina ya watengenezaji.

Sikuthubutu kumtazama Kidoti. Nikayasoma majina yote kana kwamba ni ya ndugu zetu.

Kidoti ndiye aliyeanza. Akasema anajua tangu mwaka jana kwamba merikebu haimo. Alidhani mimi ndiye sijui, na aliogopa kwamba akiniambia nitaahirisha na hatutaonana tena mwaka huu. Akasema anawachukia samaki. Shemeji akasema kwamba tulimwomba siri ileile sisi wote wawili, wiki hiyohiyo, na yeye ni binadamu.

Kidoti akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akalia kidogo. Mimi nami nikalia, nikasingizia mvuke wa kazini, ingawa tulikuwa sebuleni.

Mlangoni alibandua lebo kwenye boksi, akanibandika kifuani. Akasema safari ijayo tuambiane ukweli tu, kwani yeye angekuja hata bila merikebu. Nikaapa. Akaapa.

Jumatano, 19 Novemba

Wametangaza sehemu ya pili. Itaishia bandarini. Merikebu itaonekana, lakini imefungwa kamba. Itaruka sehemu ya tatu. Wanasema pia kwamba dawa za sehemu ya kwanza hazitahamia ya pili. Hilo siliamini, na chupa zangu zilizobaki haziguswi.

Saa ya chai Kidoti akatuma ujumbe kuuliza kama nimesikia lolote. Nikauandika ukweli wote, mpaka kamba. Nikausoma. Nikaufikiria ule mto wake pale kushoto. Nikaufuta. Nikamwandikia kwamba inaruka, tena mwanzoni kabisa, aombe likizo mapema.

Akajibu upesi mno kwamba hata yeye amesikia hivyohivyo.

Maskini, hajui kitu. Nimeshatia lebo mbili mfukoni.