Nilivyokitakasa Kibuyu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1973
Cheyo, Tabora. Ukaguzi Jumamosi! Kikundi chetu cha kampeni ya usafi, Mtu ni Afya, kitapita kila nyumba, na nyumba safi kuliko zote itatoa mwenyekiti mpya. Wa sasa ni jirani yangu Twalibu, seremala, mtu mwenye unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Mimi ni fundi saa. Usafi ndiyo kazi yangu. Choo kina mfuniko, maji ya kunywa yanachemshwa. Doa limebaki moja tu: kibuyu cha mama mkwe.

Amekuja nacho kutoka Nzega, Bi Kashindye, kwa ajili ya mwanetu Tatu. Surua imemwacha mtoto mifupa mitupu. Ana miaka minne, namnyanyua kwa mkono mmoja. Uji hataki, mchuzi hataki. Maziwa ya mgando ya bibi yake ndiyo pekee yanayopita. Nashukuru. Lakini kibuyu ndani ni cheusi tii, kinanuka moshi, na kila siku bibi huacha maziwa kidogo chini ili yagandishe ya kesho. Maziwa ya jana! Wakaguzi wataandika nini?

Jumanne, 5 Juni
Nimetekeleza. Mke wangu Leonia na mama yake walimpeleka Tatu zahanati kupimwa uzito. Nikamwaga kilichobaki. Maji ya moto, mchanga, nusu mche wa sabuni. Nikasukasuka mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Raha iliyoje! Nikajaza maziwa mabichi, nikakirudisha pale pale. Hakuna aliyejua.

Jumatano, 6 Juni
Hayakuganda. Majimaji tu, na povu. Tatu alionja, akatema, akafunga mdomo.

Mama mkwe hakuniuliza, maana kwao mama mkwe na mkwe mwanamume hawasemezani. Nikipita hugeuza uso, nami hupita pembeni nimeinama. Akiwa na neno kwangu, humwambia Tatu nikiwa pale pale. Leo alimwambia amuulize baba kama kuna mtu aliyegusa kibuyu. Nami nikamwambia Tatu amjibu bibi, labda ni baridi ya Juni. Tatu hakumjibu yeyote. Hana nguvu.

Alhamisi, 7 Juni
Mpango wa pili. Ndimu tatu, kwa siri. Maziwa yakakatika mabonge mabonge. Ukiyatazama kwa mbali ni mgando kabisa. Tatu kayanusa tu, kageukia ukutani. Siku ya pili hii hajatia kitu tumboni ila maji.

Baya zaidi, mama mkwe analia. Anamwambia Leonia mkono wake umezeeka, kibuyu kimemkataa, afadhali arudi Nzega kabla hajamuua mjukuu wake. Nilikuwa nyuma ya mlango, saa ya mteja mkononi. Nilitaka kutoka niseme. Nikarudi mezani kukaza skrubu. Mimi ni mwoga. Naandika humu kwa sababu daftari halisimulii mtu.

Ijumaa, 8 Juni
Habari! Zamda, mke wa Twalibu, aliomba kikombe cha mgando kwa mama mkwe wiki mbili zilizopita, na tangu hapo anagandisha kwake kila siku. Maziwa ya kibuyu chetu yako hai. Kwa Twalibu, jamani. Kwa Twalibu!

Baada ya swala nikaenda. Nikasema nimekuja kuonja tu, ujirani. Twalibu akaendelea kupiga randa. Nikasema mtoto hali chochote. Akaweka randa chini, akamwita Zamda, wakanijazia jagi. Hakudai niache kuugombea uenyekiti. Hakudai kitu. Alisema tu nimwambie mama mkwe ukweli kwa kinywa changu, maana bibi wa watu amelia mpaka kwa Zamda. Nilimchukia sana wakati ule.

Kwa kinywa changu! Na mkwe? Nikaketi kizingitini, nikampa mama mkwe mgongo, kibuyu mapajani, nikakiambia kibuyu: Jumanne nilikuosha kwa sabuni, bibi hana kosa, kosa ni langu. Ndani, Leonia alikuwa mkekani anamnywesha Tatu ya jagi. Nikasikia mtoto anameza. Akameza tena.

Kisha mama mkwe akasema nami, kwa jina langu, jambo ambalo hajalifanya tangu nimeoa.

"Mabruki, kibuyu hiki alinipa mama yangu. Kikinuka moshi, kiache kinuke."

Nililia. Sioni haya kuliandika.

Jumamosi, 9 Juni
Twalibu kashinda. Wakaguzi walisifu mgando wa Zamda! Kwetu walikuta kibuyu kinafukizwa upya, nyumba nzima moshi, mimi nakohoa.

Jumatatu, 18 Juni
Mama mkwe ameondoka na basi la asubuhi. Kibuyu katuachia, kimeanzishwa upya kwa jagi la Zamda, kinagandisha vizuri. Tatu anaomba kikombe cha pili, na cha tatu, mdomo mweupe. Jana alikimbia hadi barabarani. Nilisahau kumgombeza, nikabaki namtazama.

Nimejifunza, wallahi. Kosa lilikuwa sabuni, inaacha harufu. Mtambo wa saa siuoshi kwa sabuni hata siku moja. Naosha kwa petroli, inakauka yenyewe, haiachi kitu. Na mama mkwe alitaja moshi tu. Weusi hakuutaja.

Ukaguzi mwingine mwezi ujao. Kesho Leonia anampeleka Tatu zahanati kupimwa uzito. Nusu kikombe cha petroli kitatosha.