Kuhusu Neno la Skotlandi Mnalosema Halitumiki Tena

Mwalimu Mkuu, salamu kwako na kwa nyumba yako,

Ni mimi Mama Ineza, wa hapa mtaa wa Point, ghorofa ya sita. Shule niliishia darasa la tano. Nikikosea unisamehe, lakini nikisema kweli usinisamehe.

Mwalimu wa Kiingereza aligawia kila mtoto kitenzi kimoja cha kale, aandike maana zake na watu walivyokitumia. Ineza wangu aliangukia "thole", cha Kiskoti, lugha ya kule Skotlandi. Tulifungua kamusi ya maktaba: maana yake kuvumilia. Maumivu, baridi, hukumu, hata mtu mbaya. Kazi imerudi na sifuri, na bila alama za kazi hii mtoto atarudia darasa. Ndiyo maana nalalamika:

1. Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mifano yote ni ya mwaka huu, wakati neno hili siku hizi halitumiki. Halitumiki wapi, jamani? Aje Point siku maji yamekatika. Jirani yangu Médiatrice, msusi, anasema yeye analitumia toka asubuhi, ila hakujua lina kwao.

2. Kamusi inasema Skotlandi ya zamani mtu akisha "thole" mahakama, yaani akishasimama mbele ya majaji, haitwi tena kwa kosa lile lile. Eish! Mimi miaka kumi na moja napanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi, na kila mara naulizwa upya nilikimbia nini. Mwalimu anasema huo si mfano. Basi anipe wa Waskoti nikauoneshe dirishani.

3. Neno lenyewe ni mgeni. Limetoka mbali, limezeeka, kazi halina, mnasema wenyewe. Mbona limeingia darasani bila kuulizwa kibali, na Ineza anaulizwa cha kwake kila muhula?

4. Kwa hiyo naomba shule iwaandikie Waskoti kwamba neno lao liko kwangu, linakula vizuri, walihamishie hapa moja kwa moja. Mwalimu akitaka kulifundisha tena aje kuomba ruhusa: picha mbili ndogo, foleni saa kumi na moja alfajiri, na akiambiwa arudi kesho, arudi.

5. Ineza apewe ishirini juu ya ishirini. Au mwalimu naye arudie darasa.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini na yule mama anayefagia ofisi yako.

Mzazi mwenye wasiwasi lakini asiye na kinyongo,
Spès, Mama Ineza

N.B. Ineza amesoma barua hii, anakataa kuibeba mpaka niseme ukweli. Mifano ile niliiandika mimi, kwa Kiingereza changu, yeye akiwa anaoga. Ya kwake ilikuwa ya wachunga kondoo wa miaka mia sita iliyopita, nikaona mtoto anatunga uongo, nikachomoa ukurasa. Huu hapa. Nilikuwa nimefungia sambusa, lakini unasomeka. Tafadhali asahihishiwe huu. Ile sifuri ni ya kwangu, iandikeni jina langu.