Torkild, Upanga Mkubwa na Keki ya Povu

Pulikani, enyi mlioketi na enyi mliosimama, nawe unayetafuna, tafuna polepole, maana nakuja na habari ya Torkild mwana wa Aksel, simba wa Jutland, mpasua upepo, mtikisa nyasi, ambaye siku za kazi huuza masinki na mabomba ya bafuni mjini Horsens, lakini kila kiangazi huvaa kanzu ya sufu, akajifunga mkanda, akaingia kambini kwetu sisi tunaoigiza Waviking, wapiganaji wa kale wa Denmark, kando ya ghuba.

Shujaa huyu alikuwa na dhiki moja. Tangu ajiunge nasi hakuwahi kusimama mstari wa mbele wa ukuta wa ngao, maana hakuwa na upanga wake. Sisi tukipigana, yeye hukoroga uji wa shayiri. Jambo hilo lilimuuma, nami nilimwonea huruma. Msimu huu akaja na upanga mpya, mfano wa panga za mabwana wa kale, butu kama zetu zote, lakini mrefu hata alipouning'iniza kiunoni ncha iliburura majani.

"Torkild, hiyo silaha au nguzo ya hema?" akauliza mkewe, Birgit.

"Ewe mke wangu," akanguruma, "huu ndio utakaonitoa jikoni!" Na jioni ile pembe ya pombe ya asali ilipomfikia, akaapa mbele ya kambi nzima: ama asimame mbele na upanga ule, ama ashike mwiko maisha yake yote. Kwetu kiapo kilichoapwa juu ya pembe ya pombe hakirudishwi. Hata ukiwa umelewa, umeapa.

Basi kukapambazuka siku ya vita, na kabla ya vita kuna mtihani. Chuma hata kiwe butu huvunja mfupa, kwa hiyo kila mpiganaji lazima apige kwa kasi na kuusimamisha upanga kwenye ngozi ya mwenzake. Ngozi ya mtihani ni keki ya povu tamu la ute wa yai, iliyovikwa ganda jembamba la chokoleti, huwekwa juu ya gogo. Uiguse isipasuke. Ukiipasua, unaila, kisha unajaribu nyingine, mpaka sanduku liishe.

Jarli wetu, yaani mkuu wa kambi, Ingelise, mwanamke wa mabega mapana ambaye siku za kazi hung'oa watu meno, akafungua sanduku. "Anza na upanga wangu huu mdogo upashe mkono moto, bwana."

Upanga mdogo ulimtii Torkild vizuri. Kifundo cha mkono kikisema simama, unasimama. Akaigusa keki, ganda halikujua kama limeguswa.

"Si unaona? Chukua huo huo, yaishe," akasema Birgit.

"Niliapa, Birgit!"

Akauinua mkubwa. Lo! Huo haukusikiliza kifundo wala kiwiko. Uzito wake ulikaa mbali kule mbele, na ukishaanza safari unamburuta mwenyewe kama ng'ombe aliyeona maji. Ukashuka, keki ikalipuka, povu likatua kwenye ushungi wa Birgit. Torkild akala. Akapiga tena akiufuata upanga kwa kiuno, akaanguka juu ya gogo. Akala. Ikaja nyingine, na nyingine, na zote alizila kwa uchungu.

"We mzee, ulikuja kupigana au kusherehekea?" wakapiga kelele vijana wa ngao.

"Chekeni, enyi mbwamwitu!" akajibu, mdomo umejaa. "Chekeni, nitawakinga hivyo hivyo!"

Ikabaki moja. Sasa tumbo lake lilikuwa limejaa hata hakuweza tena kuinama kuukimbilia upanga. Akapanua miguu, akashusha uzito kwenye nyonga, mgongo wima, na safari hii akaanza kuuvuta nyuma ungali juu ya kichwa chake, kabla haujajua unakwenda wapi. Chuma kikashuka kikivuma. Kikasimama.

Ingelise akapiga magoti, akavaa miwani yake ya kusomea, akaizunguka keki kama anavyokagua jino la mteja mwoga. "Haina ufa," akasema. "Torkild, mstari wa mbele. Kushoto kwangu."

Yule simba wa Jutland akaushusha upanga taratibu. Machozi yakamchuruzika hadi kwenye masharubu yenye chokoleti. "Haya basi," akasema mwishowe.

Andikeni, enyi wenye kalamu, na wenye kumbukumbu kumbukeni: wako walioteka miji, lakini nani kati yao aliupiga upanga mkubwa vile na povu likabaki salama? Mchana ule parapanda ikalia, kuta mbili za ngao zikagongana, na Torkild mwana wa Aksel akaguswa na mkuki wa kwanza kabisa. Kwa kanuni yetu aliyeguswa amekufa, basi akafa palepale. Alilala chali katika nyasi za mstari wa mbele, upanga wake kifuani, vita vyote vikimpita juu, naye anatabasamu. Sijapata kuona maiti mwenye furaha kiasi kile.