Yusneli Akibana Pumzi

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Bwana Erwandi, mkuu wa kituo chetu hapa kilimani, katuita kabla hata sijanywa kahawa. Eti utafiti wa hewa ukaa umebadilika. Siku hizi wote wanatazama setilaiti, nani tena ana haja na watu wanaojaza hewa kwenye chupa? Kesho chupa zetu zitalinganishwa na mashine mpya. Zikipishana, kazi ya chupa imekufa na Yusneli, mjazaji wetu wa chupa, anahamishiwa Jakarta.
Yusneli! Mimi fundi wa jenereta nitabaki hapa na nani? Nampenda. Haya, nimeandika. Ila sisi watu wa Pariaman mwanamume haposi, anaposwa. Mjomba wa msichana ndiye huja na tambuu ya posa, na mjomba wake hajui hata kama nipo duniani.
Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti
Siku ya chupa. Yusneli huelekea upepo unakotoka, akabana pumzi, ndipo akafungua chupa. Pumzi ya mtu ikiingia, kipimo kimeharibika. Maana yake kuna kitambo ambacho hawezi kunikatiza! Nikasogea. Nikamweleza kwamba yupo kijana mmoja wa Pariaman, fundi wa kupika rendang, ile nyama ya tui la nazi, hakoromi sana, na mama yake anaulizia afya ya mjomba fulani.
Akacheka. Kicheko chote kikaingia chupani.
Akanifokea, "Kaka Rizal, we! Tunapima hewa ya dunia, si mapafu yangu!" Lakini alikuwa bado anacheka. Mzuri huyo, jamani.

Jumatano, 6 Agosti
Kipimo cha chupa kimezidi cha mashine mno. Mkuu akauliza kulikoni. Nikawahi kusema kuna mtu kachoma mabua ya mpunga bondeni. Akataka kuona majivu. Ikabidi niteremke mbio kuyachoma. Upepo ukageuka, moshi ukapanda moja kwa moja hadi kwenye mashine. Nayo ikaharibu vipimo. Nikamwambia mkuu angalau sasa zinakubaliana. Hakuipenda hoja hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Yusneli kamwambia mkuu ukweli: alicheka, kosa ni lake. Jina langu hakulitaja. Alijua anaweza kukikosa kilima hiki anachokipenda, na bado akasema. Nilijificha nyuma ya jenereta nikalia kidogo.
Mkuu kakubali arudie kesho, mara ya mwisho. Mimi nikae nje ya uzio.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilikaa nje ya uzio. Kwa mapenzi tu, nami nikabana pumzi, mpaka nikaanguka matopeni. Nilipozinduka Yusneli alikuwa ananipepea kwa kofia yake. Chupa na mashine vimelingana! Mkuu kakiri kwamba hata setilaiti inahitaji mtu wa huku chini wa kuisahihisha. Yusneli anabaki!
Kisha akaniuliza, taratibu, kama Jumapili mama yangu yupo nyumbani.

Jumapili, 10 Agosti
Mjomba kaja! Na tambuu! Mama kamlisha rendang hadi akalegeza mkanda. Akasema mpwa wake tangu aanze kazi hajaharibu chupa hata moja, sasa kijana aliyemfanya akaharibu asiachwe kuzurura ovyo. Niliinamisha kichwa kwa adabu. Moyo ulikuwa unaruka.
Kwa hiyo mpango umefaulu, kama nilivyoupanga. Keshokutwa ni siku ya chupa. Jina la mtoto wetu wa kwanza nimeshalichagua. Nitamwambia akiwa amebana pumzi, asipate nafasi ya kupinga.