Nilivyoosha Ukuta kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja Jumapili. Hajakanyaga hapa miaka miwili, tangu kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilipomwangusha mbele ya wageni. (Kiti kilikuwa kizima. Alikaa vibaya.) Mke wangu alipokata simu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Kisha akakumbuka ukuta. Mbao za nje, upande wa barabarani, zimeota ukungu wa kijani hadi madirishani. Akasema maji ya sabuni na brashi laini vitatosha. Nikamwambia aniachie mimi. Brashi laini ni ya kuogeshea watoto.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alisikia akiwa upande wa pili wa ua. Akasema yeye huosha wake kwa sabuni, kuanzia chini kwenda juu. Kuanzia chini! Na mtu huyu alifundisha watoto wa watu miaka thelathini.

Jumanne, 5 Machi

Nimechagua. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Chupa inasema changanya na maji. Maji ya nini? Nani hupunguza jeshi lake kabla ya vita? Nimeimwaga hivyo hivyo.

Matokeo mazuri sana, kwa vipande. Ukuta una mabaka kama ng'ombe. Suruali yangu pia. Maua ya mke wangu chini ya dirisha yamelala chali. Nimemwambia yanapumzika.

Jumatano, 6 Machi

Suluhisho la kisasa: mashine ya presha! Nimeiazima kwa Povu, mwosha magari wa pale njia panda. Akaanza kunieleza. Nisimame mbali, nianze na nguvu ndogo, nisielekeze maji juu yakaingia nyuma ya mbao. Nikamkatiza. Mtu mzima hafundishwi kushika mpira wa maji.

Alhamisi, 7 Machi

Mashine ina nguvu kweli. Ukungu ukatoka. Rangi nayo ikatoka. Kipande cha mbao kikatoka, kikaruka ua, kikatua kwenye chai ya mwalimu. Alikiopoa, akanirudishia kwa adabu, kama daftari lenye makosa.

Ukutani umebaki mstari mmoja mpana, hauna rangi. Nikawaza: mstari mmoja ni kosa, mistari ishirini ni mtindo. Nikaongeza kumi na tisa.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yaliingia nyuma ya mbao. Leo yametokea sebuleni. Makochi yameloa chapachapa. Picha yetu ya harusi imevimba, mimi zaidi kuliko yeye.

Mke wangu hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye mkono wa kochi, mahali pekee pakavu, akasema taratibu: "Nilitaka mama aone kwamba ninaishi vizuri."

Nimerudisha mashine.

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu amebisha hodi asubuhi na ndoo mbili za maji ya sabuni na brashi za mpini mrefu. Akaeleza: unapaka sabuni kuanzia chini, maana maji machafu yakitiririka kwenye mbao kavu huacha michirizi. Ukimaliza, unasuuza kutoka juu. Kumbe! (Nilikuwa nakaribia kuligundua.)

Saa nne gari likasimama. Mama mkwe! Siku moja kabla!

"Shikamoo, mama," nikasema, nimejibanza mbele ya baka kubwa kuliko yote.

"Marahaba. Toka hapo, mkwe, nimeshaliona."

Akautazama ukuta. Akamtazama binti yake, aliyelowa hadi viwikoni. Nikajua yamekwisha, anageuza gari. Akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akaomba brashi. Akasema marehemu baba mkwe aliwahi kupiga deki nyumba nzima kwa mafuta ya taa, na wakala chakula uani wiki mbili. Mke wangu hakuwahi kukisikia kisa hicho. Walicheka mpaka wakashikana wasianguke, povu puani.

Mimi nilipewa kazi ya kubeba maji. Kazi nyeti.

Jumapili, 10 Machi

Ukuta umetakata. Una mabaka na mistari, lakini umetakata. Tumekula sebuleni, tumeketi sakafuni, makochi yakianikwa nje. Mwalimu tulimwalika. Mama mkwe anakaa wiki nzima!

Yote yamekwenda nilivyopanga. Ningeuosha vizuri tangu Jumanne, mama na binti wangesugua nini pamoja? Hakuna aliyenishukuru kwa hilo.

Tukila, mama mkwe akataja kwamba bati la nyumba yake limeshika kutu. Nikasema hiyo ni kazi yangu, maana nimesikia maji ya betri hula kutu papo hapo. Akaweka kijiko chini, akasema nisikanyage kwake. Mke wangu akasema nisikanyage. Mwalimu, ambaye hata si wa ukoo, akasema nisikanyage.

Wanapenda kubembelezwa. Kesho natafuta ngazi ndefu.