Yahusu Viuno vya Wateja Kuandikwa Ubaoni

Ndugu Mhariri,

Kosa wanalolifanya wengi wenye biashara ndogo ni kudhani kwamba tangazo husomwa na mteja. Tangazo husomwa na jirani wa mteja. Mteja mwenyewe huja kuambiwa baadaye, na mara nyingi huambiwa na mtu anayecheka. Naanza na jibu kwa sababu nilikuwa mwalimu, na nilizoea kuwapa watu jibu kwanza, kisha kuwaeleza swali polepole mpaka walielewe.

Naishi na mdogo wangu wa kike, mjane, ambaye ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara, ndicho duka lake. Kina cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia ambalo nyuma yake watu hupimwa. Mtaani anaitwa Shangazi Pindo, hata na watu waliomzidi umri. Nguo mpya anashona chache. Kazi yake hasa ni kurekebisha: kutanua, kupunguza, kugeuza kola iliyochakaa ili upande mzima utazame nje. Yaani, Mhariri, anaishi kwa kujua yale ambayo watu hawapendi yajulikane. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuyatamka hata kwangu mimi kaka yake, ingawa nilimdodosa.

Kisha gazeti lako likaanzisha ile safu ya ukurasa wa nane, ya mshauri anayejiita Rafiki wa Biashara Ndogo. Mdogo wangu aliisoma, akaikata kwa mkasi wake wa kazi. Mkasi huo haujawahi kugusa karatasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuushika nifungulie bahasha nikanyang'anywa. Hapo nikajua mambo yamebadilika. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa namba ili mshauri wenu asipate pa kujificha.

1. Mshauri aliandika kwamba mteja hanunui bidhaa, bali hununua dawa ya tatizo lake. Basi litaje tatizo. Mdogo wangu akaning'iniza ubao mlangoni: "Je, suruali inakubana?" Sina ugomvi na ubao huo. Ulikuwa na adabu. Watu waliusoma, wakavuta matumbo ndani, wakaendelea na safari zao. Lakini wiki iliyofuata mshauri akasema tangazo la kila mtu halimgusi mtu, na kwamba mfanyabiashara hodari humwandikia mtu mmoja anayemfahamu, kana kwamba anamwita aje.

Mhariri, fundi wa nguo anawafahamu watu. Ubao ukafutwa, ukaandikwa: "Meja, usihangaike. Suruali yako tumeshaitanua mara nne na kitambaa bado kipo."

Huyu tunayemwita Meja hajawahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa mtunza stoo. Cheo alipewa na mtaa kwa ajili ya mgongo wake ulionyooka na hadithi yake tunayoijua sote, kwamba mpaka leo anavaa suruali aliyoolea. Ni kweli anaivaa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiichomekea kipande nyuma kila tumbo lilipodai haki yake. Asubuhi hiyo Meja alisimama mbele ya ubao na mkate wake mkononi, akausoma, akaurudia. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akamwuliza kwa sauti iliyofika kona, "Meja, na ndoa nayo mliitanua, au ilikutosha hivyo hivyo?" Meja aligeuka. Alirudi kwake kwa kupitia uchochoroni, na baada ya hapo salamu zake kwetu akawa anazituma kwa kikohozi.

2. Mshauri akasema macho ya mteja huamini upesi kuliko masikio, kwa hiyo onyesha kabla na baada. Mdogo wangu hana kamera. Ana chaki. Akatundika dirishani sketi ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani, akachora mstari mweupe pale kiuno kilipokuwa zamani, na mwekundu pale kilipo sasa. Kwa haki, kazi ilikuwa safi, mshono hauonekani hata ukiutafuta. Wanafunzi walipotoka shule walijipanga mbele ya dirisha kwa nidhamu ambayo mimi katika utumishi wangu wote sikuipata. Mmoja akapima kwa kiganja nafasi iliyo kati ya mistari miwili, akawatangazia wenzake, "Hapa ni chakula cha likizo tu." Mwenye sketi hajaja kuichukua. Hupita upande wa pili wa barabara, akiwa ameshikilia mkoba kiunoni kama anayevuka mto.

3. Ndipo ukaja ushauri wa ushuhuda wa wateja, nao ndio ulionifanya nianze kuiandika barua hii kichwani. Mshauri alisisitiza kwamba usitunge: tumia maneno ya mteja kama alivyoyatamka mwenyewe, maana yana nguvu kuliko yako. Mdogo wangu ni mtu mkweli. Alikaa akakumbuka yanayosemwa nyuma ya pazia, akayaandika kwa mwandiko mzuri, akayabandika kwenye kioo cha mlango:

"Toa hiyo lebo ya namba, shangazi, weka ndogo." (Karani wa benki)

"Sijanenepa. Ni maji ya kufulia." (Mwenye duka la dawa)

"Mume wangu akiuliza, hii ni ile ya zamani." (Mke wa muuza magodoro)

Nilimwambia, "Mdogo wangu, haya si ni mambo ya watu?" Akanijibu bila kuinua macho, "Kaka, mbona jina sijaandika." Mtaani kwetu muuza magodoro ni mmoja tu. Mke naye ni mmoja tu. Jioni mume alikuja na rundo la magauni begani, akawa anayatua mezani moja baada ya jingine, "Na hili ni la zamani? Na hili je? Hili nalo tulilirithi?" Mdogo wangu akamwambia, "Baba, mimi nashona, sishiki kalenda." Ulikuwa uungwana uliochelewa. Mke wa muuza magodoro alikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Sasa anashonesha mbali, kwa fundi asiyemjua mtu, na nimemwona kwa mbali: bega moja limekaa juu ya jingine.

4. Hili nalisema kwa sauti ya chini. Mshauri alifundisha kwamba mteja anayesitasita asukumwe kwa uharaka, atumiwe ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha kwamba muda unakwisha. Kulikuwa na suti ya mzee anayetengeneza saa, imekaa tayari kwenye hanga, haijachukuliwa. Mdogo wangu akanakili mfano wa mshauri neno kwa neno: "Muda wako unayoyoma. Wahi sasa, kesho huenda isiwepo. Suti yako iko tayari." Hatukujua kwamba mzee alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Simu ilikuwa kwa binti yake. Binti aliwapigia ndugu zake, ndugu zake wakafunga safari, na kabla ya jua kuzama wodi ilikuwa imejaa watoto na wajukuu wakimtazama mzee kwa macho ya kuaga. Mzee, ambaye siku hiyo alikuwa amepata nafuu na ameomba chai, alipoona umati ule akaishiwa nguvu.

Amepona, namshukuru Mungu. Ila suti hajaichukua. Ametuma neno kwamba akiiona tu kifua kinabana.

5. "Usimwache mteja baada ya kumuuzia, mfuatilie." Mdogo wangu alimfuatilia wakili hadi mahakamani, akamkuta amesimama anajibu hoja, akainua mkia wa koti lake kuangalia kama bitana imeshika. Kesi iliahirishwa. Sitaongeza neno hapo.

Sasa nikueleze hali ilivyo. Meza ya kukatia, ambayo zamani usingeweza kuweka juu yake hata miwani, iko tupu na inang'aa. Pazia halijafunguliwa. Mdogo wangu hupaka cherehani mafuta asubuhi, akakaa nyuma yake, akatazama barabara. Juzi aliniambia, kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio, "Kaka, mwezi huu ukiisha hivi, cherehani nauza. Nitaenda kwa mwanangu nikalee wajukuu." Mwanawe ni mtu mwema na wajukuu ni wazuri. Lakini mwanamke aliyejitegemea tangu afiwe na mume, anayejua kwa kutazama tu kwamba bega lako la kushoto limeshuka, akaketi kwenye kochi la mkwewe kungoja kuambiwa chakula tayari, huko si kustaafu, Mhariri. Huko ni kukunjwa na kuwekwa kabatini.

6. Tulimwandikia mshauri. Nilitunga barua mimi mwenyewe, yenye utangulizi na kiini. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba tangazo lisipoleta wateja ni kwa sababu halikurudiwa vya kutosha, na kwamba tutundike ubao mkubwa zaidi. Nikauliza huku na huku kama mtu huyu amewahi kuuza japo kifungo cha shati. Nimeambiwa hapana. Ameuza kitu kimoja tu maishani, nacho ni ushauri, tena amewauzia ninyi. Sisi tulipewa bure, na ndiyo maana kinatugharimu.

Nimelipima jambo hili kwa haki. Yapo mambo ambayo mtu akiyanunua angependa mtaa mzima ujue: gari, televisheni, tairi mpya. Huko mshauri apige kelele atakavyo. Lakini nusu ya biashara ndogo zinauza kuficha. Kinyozi anapaka mvi dawa. Fundi viatu anabadilisha soli ili kiatu kionekane ni kile kile. Mtengeneza meno ya bandia, mkopeshaji, muuza miwani, hawa wote wakifuata ukurasa wa nane kwa wiki mbili, mtaa hautabaki na siri, na mtaa usio na siri hauna mteja. Hata mimi ninayekuandikia, koti nililovaa limegeuzwa kola, na leo asubuhi muuza nyama ameniambia amezisoma habari zake ubaoni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo. Safu ya ukurasa wa nane ichapishe vipimo vya mshauri wenu: kiuno, kifua, tumbo akivuta pumzi na tumbo akiisahau. Naona picha yake gazetini huishia mabegani, na fundi yeyote atakwambia kwamba picha haikatwi pale bila sababu. Akishachapisha hayo aje kwetu na suruali yake, apimwe mlango ukiwa wazi, ushuhuda wake ubandikwe kiooni. Na kwa kuwa gazeti limewafukuza wateja wetu, wafanyakazi wako wote, kuanzia wewe hadi mlinzi wa geti, wawe wateja wa mdogo wangu mpaka wale wa mwanzo watakaporudi. Mlete zinazobana. Najua zipo, kazi yenu ni ya kukaa.

Naomba barua hii ichapwe yote, bila kupunguzwa, ukurasa ule ule wa nane, ili wenye maduka wengine wajifunze kwetu.

Nisalimie wapiga chapa, na msahihishaji ambaye nadhani kazi zimemzidi, na dada wa mapokezi aliyenijibu kila nilipopiga kwamba uko kikaoni. Natumaini kikao kimeisha salama. Wasalimie pia nyumbani kwako, wakubwa kwa watoto.

Ni mimi, nisiye na haraka wala kinyongo,

Mwalimu mstaafu, kaka wa fundi

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha nilisikia kikohozi nje. Alikuwa Meja, ameingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na suruali kwenye mfuko. Nikatoka kuutazama ubao. Mdogo wangu alikuwa ameufuta bila kuniambia, na karatasi za kiooni amezibandua, akaandika maneno mawili tu: "Nashona. Sisemi." Nyuma ya Meja alikuja karani wa benki. Mke wa muuza magodoro ametuma gauni lenye bega baya, na neno kwamba ni la zamani. Sasa hivi nakuandikia nikiwa nimesimama, maana meza imejaa.

Nilimwambia mdogo wangu, "Unaona? Akili yako mwenyewe, bila yule mpiga domo." Akacheka, akanipa kipande cha gazeti lako cha juzi: "Andika maneno machache. Ahidi jambo moja, lile mteja anaogopa kulikosa." Yeye anasema mshauri hana kosa, na kwamba nimpe salamu zake. Kisha akauliza naandika nini kirefu hivyo, akaisoma barua yote, akabadilika uso, akaniuliza gazeti hilo linasomwa na watu wangapi.

Ningeweza kuichana mwenyewe, lakini stempu imeshabandikwa, na ile hoja ya picha inayoishia mabegani bado naiona nzuri. Isome wewe peke yako. Kisha ichane, leo hii.