Baridi Mliyoiahidi Haijafika Tchundwa

Mohdhar Taha,
Tchundwa,
Kisiwa cha Pate.

Kwa Bwana Mhariri wa jarida la Kivungulio Chetu,

Assalaam alaikum. Baada ya kukuombea afya wewe na wote wanaopiga chapa hapo ofisini, naomba uketi, kwa maana haya nitakayoyasema si ya kusomwa na mtu akiwa wima.

Mimi ni mkulima wa nyanya, mwenye kivungulio kimoja cha nailoni na miche sitini na minne. Jarida lenu nililipata kwa Mwalimu Crispus, mtu wa bara aliyekuwa akifundisha hapa. Alipopewa uhamisho aliniachia godoro, visheti na toleo lenu la Julai. Ukurasa wa kumi na nne mmeandika kwamba mwezi huu huja baridi ya ghafla, yenye sakitu, yaani umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, na kwamba usiku mmoja tu hutosha kuangamiza kivungulio kizima. Mkashauri mkulima afunike miche kwa blanketi na atie moto wa kadiri. Niliamini. Mimi nikisoma kitu kilichopigwa chapa huamini, ndiyo maana mke wangu hunificha magazeti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baridi haikuja. Niliingoja tangu Jumatatu hadi Alhamisi, nimevaa sweta la kuazima, jasho likinitoka mpaka kwenye magoti. Kipupwe kilikuja kama kila mwaka, watu wakajifunika shuka badala ya kulala wazi, basi. Ili nisije nikasema uongo, niliazima kipimajoto cha homa kwa Bi Hadil, muuguzi wa zahanati, nikakibana kwapani mwa mche, pale jani linapotokea kwenye shina. Hakikuonyesha namba yoyote. Nikajua baridi imezidi kipimo. Baadaye Bi Hadil aliniambia kwamba kifaa kile huanza kuhesabu kwenye joto la mtu, na nyanya si mtu. Hilo jaridani hamkulisema.

2. Hamkueleza moto wa kadiri ni upi. Sisi huku baridi tunayoijua ni ile inayomwingia mwanamke aliyejifungua, na dawa yake tumeirithi kwa mabibi zetu: akae ndani siku arobaini, mlango umefungwa, mkaa chini ya kitanda, ubani kwenye chetezo, akandwe kwa maji moto na mafuta ya simsim, anywe uji wa pilipili manga. Nikasema, kilichomfaa mama yangu hakiwezi kuzidhuru nyanya. Nikaiingiza miche yote sitini na minne katika arobaini. Mmoja mmoja niliukanda kwa simsim, nikaufunga leso kiunoni, nikaumiminia uji wake shinani. Siku ya tatu nilipofungua mlango ilitoka harufu nzuri ya rojo. Jirani yangu Jeilani alikuja na mkate mkononi, akauliza shughuli ni ya nani. Bwana Mhariri, nyanya zilikuwa zimepikika zingali mtini.

3. Hili ndilo linaloniuma. Hamkusema blanketi na mkaa vitoke wapi, nami nikavitoa pale vilipokuwa: chumbani kwa binti yangu Swafiya, aliyekuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Siku aliyorudi kutoka zahanati na mwanawe mkononi, chumba hakikuwa na hata kitambaa cha kumpangusia mtoto, na baba mtu yuko shambani anakanda nyanya. Mke wangu, Bi Zamzam, alikuja mpaka mlango wa kivungulio, akaitazama miche iliyofungwa leso zake za arusi, akasema: "Na hizi nazo zimezaa?" Hakungoja jibu. Amewachukua Swafiya na mtoto, wako mjini Pate kwa dada yake, Bi Barka. Mkwe wangu yuko kazini Mombasa, kwa hivyo kumwadhinia mtoto sikioni ilikuwa haki yangu mimi babu. Ameadhini Jeilani. Yule yule wa mkate. Leo ni siku ya tisa na sijamwona mjukuu wangu. Wanasema ana masikio kama yangu. Sijui, na kutojua huko kunaniuma kuliko nyanya zote.

4. Nilituma watu wa kunisemea. Jibu la Zamzam ni kwamba nitakaribishwa siku nitakayompelekea baridi hiyo aione kwa macho yake. Akika ya mtoto itasomwa siku ya kumi na nne, na baridi bado iko kwenu bara, kwa hiyo kosa si langu tena, ni la uchukuzi. Sisi watu wa visiwani tumengoja barabara, tumengoja maji ya mfereji, na kungoja tumekuzoea. Lakini vipi watu wa bara wapewe makala pamoja na baridi yake, sisi tupewe makala matupu? Huu ni ubaguzi, nami nitausema kwenye baraza la chifu.

5. Maneno "kwa wakulima wa nyanda za juu" mmeyaweka ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo Mwalimu Crispus alifungia visheti, nami nilivila visheti kwanza. Neno zito namna ile huwekwaje mahali panapofungiwa visheti?

Kwa hayo, naomba moja kati ya mawili. Tuleteeni baridi ya usiku mmoja, si lazima iwe kali, ya kuonyesha tu. Ikishindikana, niandikieni barua kwamba baridi ilipita Tchundwa siku ya Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri, watu wamejilaza, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Muhuri uwe mkubwa. Maneno yangu Zamzam hayasomi, lakini muhuri huenda akausoma.

Wasalimie wapiga chapa, mpiga picha wa zile nyanya za jaladani, na Mwalimu Crispus ukionana naye. Jeilani anakusalimu, mimi sijamsamehe, nafikisha salamu tu.

Ni mimi mwenye sweta la watu,
Mohdhar Taha.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa mfukoni ikingoja mashua ya Amu, Zamzam akanipigia simu kuniita: "Mohdhar, ndoo umtukue mjukuu wako. Yualia, na sisi tumechoka." Nilikwenda kwa pikipiki, viatu nimevisahau. Nikapewa mtoto, akanyamaza. Mimi ndiye niliyelia. Zamzam aliniona, akatufunika shuka moja mimi na mtoto. Kwa hiyo nafuta yote niliyoyaandika hapo juu. Barua ya muhuri siitaki. Na ile baridi, kama mmeshaipakia, nakuomba kwa jina la Mungu ishusheni njiani, popote pale, kwa maana nyumba hii ina mtoto wa siku kumi.